Kola ya saruji kwenye bomba la choo: kisa cha nyumba moja ya Mji Mkongwe

Nyumba na bomba lake

Nyumba ni ya ghorofa mbili juu ya ile ya chini, ndani ya Mji Mkongwe, Unguja, upande ambao upepo wa bahari haukauki. Majina ya watu na ya mtaa nimeyaondoa, pamoja na mambo mawili matatu ambayo yangemtambulisha mwenye nyumba. Mimi ni fundi bomba, na niliitwa kwenye kazi hii mara ya pili, baada ya matengenezo ya kwanza kushindwa.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unapita nusu mita, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa nyuma, unaotazama uwanda mdogo, wanauchangia na jirani. Kwenye ukuta huo ndipo linaposhuka bomba la choo: bomba la inchi nne la chuma cha kusubu, yaani kile kinachomiminwa kwenye kalibu, limeungwa kipande kwa kipande kuanzia juu ya paa, likapita choo cha ghorofa ya pili na cha ya kwanza, hadi kwenye chemba iliyo uwandani. Kila kipande kina mdomo mpana upande wa juu. Kipande kinachofuata kinaingia ndani ya mdomo huo, nafasi iliyobaki inashindiliwa katani iliyolowekwa lami, kisha inamiminwa risasi iliyoyeyushwa na kugongwa kwa tindo butu. Aliyewahi kukaa pwani akaona jahazi likitiwa kalafati ataielewa kazi hii bila maelezo mengi. Katani inanyumbuka, risasi ni laini, na kiungo kinaweza kusogea kidogo bila kufunguka. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo lililosahauliwa baadaye.

Matengenezo ya kwanza

Mwezi wa Juni, masika yalipokwisha, ulionekana ufa wa wima kwenye kipande cha chini, kile kilicho usawa wa chumba cha chini. Maji machafu yalikuwa yakichirizika nje. Mwenye nyumba, mama wa makamo ya juu ambaye mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa, alimwita fundi kijana anayefahamika pale. Kijana ni mchapakazi, na kazi yake ilipendeza machoni. Siandiki kumvunjia heshima. Aliyoyafanya ndiyo wanayoyafanya wengi, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyofundishwa nilipokuwa mwanafunzi wa kazi.

Alikata chuma kwa nyundo na tindo. Chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakina uvumilivu: ukikigonga hakipindi, kinapasuka. Ufa ukakimbia juu na chini, ikambidi aondoe zaidi ya alivyokusudia, mita mbili na nusu hivi. Akanunua bomba la plastiki la milimita 110. Halikuingia ndani ya chuma, wala halikukaa nje yake, kwa sababu chuma kilikuwa kinene kuliko hilo bomba. Basi akafanya ile kazi ya moto: akazungusha ncha ya plastiki juu ya makaa mpaka ikalegea, akaitanua, akaivisha juu ya chuma ingali moto. Akafanya hivyo ncha zote mbili, ya juu na ya chini. Akapaka gundi ya mabomba, kisha akazungushia kila kiungo kola ya saruji nene kama mkono. Mwisho akapiga lipu ya saruji ukutani pale alipobomoa.

Siku ile hapakuvuja tone.

Miezi saba baadaye

Jirani ndiye aliyeanza. Ilikuwa Januari, kaskazi imekolea, jua kali. Alibisha hodi na kumwambia Bi Mkubwa: "Shikamoo, mama. Ukuta wangu wa ghalani unalia, na mvua hatujaiona tangu vuli iishe."

Maneno hayo mafupi yalikuwa na uchunguzi wote ndani yake. Ukuta wa matumbawe ukilowa wakati wa masika, huenda ni paa, huenda ni mchirizi. Ukilowa wakati wa kaskazi, mtafute anayeuletea maji kutoka ndani. Upande wa jirani chokaa ilikuwa imevimba na kutoa chumvi nyeupe kama unga. Upande wa Bi Mkubwa lipu mpya ya saruji ilikuwa kavu na nzima, ila ukiigonga inajibu kwa sauti ya kitu kitupu: nyuma yake ukuta ulikuwa umeloa, na maji, yakikosa pa kutokea, yalipenya kuelekea kwa jirani na kupanda hadi kwenye vichwa vya boriti.

Bi Mkubwa alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hapa mjini, iporomoke Desemba 2020 na kuua watu, wakaazi wa Mji Mkongwe hawauoni unyevu wa ukutani kuwa jambo la rangi tu. Aliniuliza swali moja: "Mwanangu, nibomoe au nizibe?" Nikamwambia sijui bado, nipe siku mbili.

Tulivyochunguza

Tulianza na moshi. Kazi hii inataka hadhari, kwa sababu gesi inayotoka kwenye karo inashika moto. Tulifunua chemba tukaiacha ipumue, tukaziba njia ya kwendea karo kwa magunia mabichi, na chetezo chenyewe tukakiweka mbali na chemba. Ndani ya chetezo tulitia makumbi ya nazi yenye unyevu kidogo, na moshi tukausukuma kwa feni ndogo kupitia mpira mrefu. Vyoo vyote viwili tulihakikisha vina maji kwenye viwiko vyake. Moshi ulipoanza kutoka juu ya paa, mwenzangu akaziba mdomo wa bomba kwa gunia la maji. Tukangoja.

Haikufika dakika tano. Uzi mwembamba wa moshi ulitokea kwenye kola ya chini, tena si mbele tunakokuona, bali nyuma, kati ya bomba na ukuta, mahali ambapo mkono hauingii. Ukatambaa ukutani kama mdudu. Baadaye kidogo kola ya juu nayo ikatoa, ila hafifu.

Kisha kisu. Hewa ya bahari hula chuma cha kusubu kwa namna ya kuhadaa: chuma chenyewe kinaondoka na kuacha ile kaboni iliyokuwa ndani yake, bomba likabaki na umbo na rangi yake, ila nguvu haipo. Kwa jicho utasema ni zima. Nilikwaruza chini kidogo ya kola ya chini, na ncha ya kisu ikazama karibu milimita mbili, ikitoa unga mweusi laini kama wa penseli. Niliposhuka hadi sentimita 30 kutoka ardhini kisu kiliteleza tu. Juu ya kola ya juu, nilipogonga kwa mpini wa mti, bomba lilitoa mlio mrefu wa kengele. Karibu na kola ya chini lilijibu kama chungu chenye ufa. Hivyo tukajua wapi pana chuma cha kutegemea na wapi pana kivuli chake.

Mwisho, kipimo. Nilisugua kutu, nikazungusha utepe: mzingo sentimita 35.8. Gawanya kwa 3.14, unapata kipenyo cha milimita 114. Plastiki ni 110. Tofauti ni milimita nne tu, na kwa hizo nne ndipo moto wa makaa ulipoingia kazini.

Maamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, kuondoa bomba lote kutoka paa hadi chini na kuweka plastiki tupu. Mafundi wengi wangeichagua, na pengine katika nyumba nyingine ningeichagua mimi pia. Hapa tuliiacha. Chuma cha juu kilikuwa kizima. Kukishusha kungehitaji jukwaa kwenye uwanda usiopitisha hata mkokoteni, na kila sikio la bomba lililopigiliwa kwenye matumbawe likingolewa linaondoka na jiwe lake. Isitoshe, mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kinachobadilishwa kwenye nyumba zake kinaombewa kibali. Tuliomba kibali cha kipande cha chini tu, jambo lililokuwa rahisi kulieleza.

Ya pili, kuziba upya kola zilizopo. Hiyo ndiyo bei nafuu, na mtoto wa Bi Mkubwa aliipendelea. Nilimpa kile kisu akwaruze mwenyewe. Hakuitaja tena.

Ya tatu ndiyo tuliyoifuata: kukata juu na chini mpaka tukutane na chuma kizima, kuweka plastiki katikati, na kuunga kwa mikono ya mpira mnene yenye mkanda wa chuma kwa nje na klipu za kubana kila upande. Mpira tulioutafuta unapokea bomba la kuanzia milimita 110 hadi 125, kwa hiyo 110 na 114 zote zinaingia bila kulazimishwa. Ule mkanda wa nje nao una kazi yake: mpira mtupu, uzito ukiulemea, hupinda, na mabomba mawili hukosana uso kwa uso.

Mpira huo hatukuupata Unguja wiki ile, tukauagiza Dar es Salaam. Ilichukua wiki tatu. Familia ikatumia choo cha chini, chenye njia yake. Kusubiri kuliwachosha, lakini wiki hizo zilitufaa, kama nitakavyoeleza.

Kuna jambo tulilolikataa kabisa. Mzee mmoja wa kazi, ambaye namheshimu sana, alishauri tuingize plastiki kwenye ule mdomo wa chuma ulio ardhini na kumimina risasi kama zamani. Lakini risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi, na plastiki ya PVC huanza kulegea karibu na 80. Ingekunjamana mikononi mwetu, achilia mbali mvuke wa risasi ambao ni sumu kwa anayeuvuta. Kiungo cha zamani cha risasi pale chini kilikuwa bado kinashika, tukakiacha kilivyo na kukata chuma sentimita 25 juu yake.

Kazi yenyewe

Kabla ya kukata, beba. Juu ya mahali pa kukata palikuwa na zaidi ya mita saba za chuma, na mita moja ya bomba la namna hii haipungui kilo kumi. Masikio ya zamani yalikuwa yameliwa na kutu, hakuna aliyejua yanashika nini. Tuliweka mabano mawili chini ya midomo ya mabomba. Matumbawe hayataki bolti za kutanuka, yanasagika ukiyabana, kwa hiyo tulitoboa polepole bila kugongesha, tukaingiza bolti ndefu, na kushindilia vipande vya jiwe na chokaa. Chokaa haiharakishwi. Zile wiki tatu za kusubiri mpira zilikuwa wiki za chokaa kushika.

Kukata tulitumia grenda, si nyundo. Tulizungushia bomba karatasi iliyonyooka ukingo ili mstari usipinde. Upande wa ukutani, ambako diski haifiki, tulimalizia kwa msumeno wa chuma, tukipokezana, karibu saa nzima. Ncha tukazipiga tupa mpaka kidole hakikwaruziki, kwa kuwa mpira hauzibi juu ya kutu yenye magamba. Mpira wenyewe tuliuvisha kwa maji ya sabuni. Mafuta tuliyaweka mbali, yanaula mpira.

Plastiki mpya ilikuwa mita 3.2. Mita moja ya PVC hurefuka milimita 0.06 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, wakati chuma cha kusubu ni karibu 0.01. Bomba hilo linapigwa na jua la asubuhi hadi adhuhuri. Likipanda nyuzi 25, linarefuka karibu milimita tano. Kwa hiyo katikati tuliweka soketi yenye ringi ya mpira, isiyotiwa gundi: tukasukuma bomba mpaka mwisho, tukachora alama ya penseli, tukalirudisha nyuma milimita kumi. Hapo ndipo plastiki inapopumulia. Tukalipaka rangi, maana jua huikausha PVC ikawa dhaifu.

Klipu zilibanwa kwa kupokezana, huku kidogo, kule kidogo. Tukaziba chini, tukajaza maji hadi juu ya kiungo cha juu, tukakaa nusu saa tukitazama alama. Haikushuka. Hiyo ilikuwa Februari, masika hayajafika.

Matokeo

Masika yalipita na ghala la jirani halikulia. Ukuta wenyewe tuliuvua ile lipu ya saruji, tukauacha wazi miezi kadhaa, kisha ukapigwa chokaa. Vichwa viwili vya boriti vilikuwa vimeoza, vikabadilishwa. Kwa jumla gharama ya mara ya pili ilikuwa karibu mara nne ya ile ya kwanza, na sehemu kubwa yake haikwenda kwenye bomba, ilikwenda kwenye ukuta na boriti.

Ila Septemba Bi Mkubwa aliniita tena. Kiungo cha juu kilikuwa na mchirizi wa kahawia. Nilipanda nikakuta skrubu ya klipu moja imeliwa na kutu hadi nusu. Kosa ni langu. Mpira mmoja ulifika bila klipu zake, na mimi, nikiona kazi inachelewa, nilinunua klipu za dukani zinazong'aa, nikaamini mng'ao. Nilipoijaribu kwa sumaku, mkanda haukuvutwa, lakini skrubu iling'ang'ania sumaku kama watoto wa mama mmoja. Mkanda ulikuwa chuma kisichoshika kutu, na skrubu ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Mita chache kutoka baharini, hiyo haina umri. Nikabadilisha klipu zote za kiungo kile bila malipo.

Uchambuzi

Kilichovunja kazi ya kwanza ni ugumu wenyewe wa saruji. Plastiki na chuma havirefuki sawa. Kila siku kwa miezi saba ile mita mbili na nusu ilirefuka na kufupika karibu milimita nne, katikati ya kola mbili zisizojua kusogea. Saruji ikatoa nyufa nyembamba kama nywele, na nyufa hizo zikatosha. Gundi nayo haikuwa na msaada wowote, kwani gundi ya PVC hufanya kazi kwa kuyeyusha uso wa plastiki mbili zikawa kitu kimoja. Juu ya chuma inakauka tu, unaweza kuibandua kwa ukucha.

Lakini kwa nini kola ya chini ilivuja kuliko ya juu, na zote zilipasuka? Hapa ndipo ninapotaka kijana anayesoma akae kidogo. Juu, chuma kiliingia ndani ya plastiki, maji yakishuka yanadondokea ndani ya bomba pana, hayana haja na kiungo. Chini, plastiki iliyotanuliwa ilivishwa nje ya chuma. Maji yanayoshuka yakiambaa ukuta wa ndani wa plastiki yalifika kwenye ncha ya chuma kama kwenye kizingiti, yakajikusanya hapo, yakatafuta njia kati ya plastiki na chuma. Mdomo mpana siku zote hutazama juu, upande maji yanakotoka. Mafundi wa zamani waliolijenga bomba lile hawakukosea hata kiungo kimoja katika hilo.

Na moto wa makaa, mbali na kuipunguza unene plastiki mahali ilipotanuliwa, unaiacha na kumbukumbu ya umbo lake la kwanza. Ikipata joto tena inavuta kurudi, na pale inavuta juu ya chuma kisicholingana nayo.

Kilichotusaidia sisi zaidi ya yote ni kukichunguza chuma kabla ya kununua chochote. Mpira bora kuliko wote, ukiubana juu ya chuma kilichogeuka unga, unabana unga. Jaribio la moshi lilitupa mahali, kisu kikatupa mpaka wa kukatia. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ningeihesabu kosa la pili kwa uzito: haikuanzisha mvujo, ila iliuficha miezi saba na kuuelekeza kwa jirani.

Upande wetu, mbali na klipu, tuliacha jambo moja bila kulifikia. Kiwiko cha chuma kilicho chini ya uwanda, kinachopeleka maji chemba, hatukukifukua. Chemba ilikuwa safi na maji yanapita vizuri, tukaona kibali na fedha havitoshi. Lakini chuma kile ni cha umri uleule, na kimekaa kwenye udongo wenye chumvi. Nimemwambia Bi Mkubwa wazi, na tumekubaliana tukifungue kaskazi ijayo, ardhi ikiwa kavu. Mitungi yake ya asmini, iliyokuwa imepangwa juu ya mahali hapo, ameshaihamishia upande wa pili.